Tano mbili, sita hakuna: namna Alhamisi ilivyoingia katika wiki yetu

Fumbo lilianzia kwenye simu. Mpwa wangu anayesoma sekondari alilitupa katika kundi la familia baada ya sala ya isha: “Wakubwa shikamooni. Jumatano ina tano ndani yake. Ustadhi katuambia leo kwamba Alhamisi nayo, kwa Kiarabu, maana yake ni ya tano. Sasa wiki gani hii yenye tano mbili na haina sita?” Nilipokuwa nakwenda kulala majibu yalikuwa yamepita thelathini. Mmoja alisema Waswahili walipotea hesabu. Mwengine alisema ni kazi ya wakoloni. Binamu yangu wa Wete alisema majina yote ya siku yametoka Uarabuni, kwa hiyo wa kuulizwa ni Mwarabu. Ami yetu mkubwa, ambaye simu yake haijui herufi ndogo, aliufunga mjadala: “SIKU NI SIKU. LALENI.”

Hatukulala. Kesho yake nililipeleka fumbo barazani, kwenye kahawa, nikakuta kila mtu ana la kwake linalofanana nalo. Mmoja kaulizwa na mwanawe: mbona shule inaanza Jumatatu, siku ya kwanza ya masomo, na jina lake lina tatu? Mwengine hajawahi kuelewa kwa nini Maulidi huwa katika mwezi wa tatu wa Kiislamu ilhali sisi tunauita Mfunguo Sita. Na karibu wote walishawahi kualikwa “usiku wa Ijumaa”, wakaenda, wakakuta majamvi yameshakunjwa. Ukiyasikia utadhani ni maswali mbalimbali. Mzizi wake ni mmoja, na Alhamisi ndiyo inayouonyesha kuliko siku nyengine yoyote.

Tuanze na jina lenyewe. Alhamisi ni vipande viwili vya Kiarabu vilivyogandana. “Al” ni kile kipande kidogo ambacho Waarabu hukitanguliza mbele ya jina kuonyesha kwamba kitu kinachotajwa kinajulikana, na sisi tulikimeza pamoja na jina, kama tulivyokimeza katika alfajiri na alasiri. “Khamis” ni ya tano, kutokana na khamsa, yaani tano. Mzizi huo haujatutoka: umo katika hamsini, na wazee wetu walikuwa wakisema hamstashara kwa kumi na tano, kama ambavyo hadi leo wapo wanaosema thenashara kwa kumi na mbili.

Upande wa pili lipo Juma. Neno hili linafanya kazi tatu: ni siku ya Ijumaa, ni kipindi cha siku saba, na ni jina la mtu. Yote yanatoka katika mzizi wa Kiarabu wa kukusanyika, ule ule uliotupa jamaa, jamii na jumuiya. (Jumla, ingawa ukiisikia utadhani ni ndugu yao, ina mzizi mwengine kabisa.) Ijumaa ni siku ya watu kukusanyika kwa sala. Sura ya 62 ya Kurani, yenye jina hilo hilo, inawataka waumini waache biashara inaponadiwa sala ya siku hiyo, kisha sala ikimalizika watawanyike wakatafute riziki. Kabla ya Uislamu Waarabu waliiita siku hiyo Aruba, kwa hiyo hata kwao Jumaa lilikuwa jina geni siku moja.

Siku ikawaje ikageuka kuwa wiki nzima? Kwa njia ile ile iliyoufanya mwezi uwe mwezi. Tunasema “mwezi” kwa kile kinachong’aa juu ya minazi, na tunasema “mwezi” kwa siku ishirini na tisa au thelathini ambazo kile kinachong’aa kinazipima. Alama imekipa jina kipindi. Wanyarwanda wamefanya hivyo hivyo: kwao “icyumweru” ni wiki, na hiyo hiyo ndiyo siku ya Jumapili. “Wiki” tumeipata kwa Waingereza baadaye, na imeingia vizuri mpaka watoto wetu wanaona “juma lijalo” ni lugha ya taarifa ya habari.

Limebaki “mosi”. Mosi na pili ni namba za kuhesabia zisizoshika kitu mkononi. Husemi “samaki mosi” wala “samaki pili” ukiwa sokoni Darajani. Unasema samaki mmoja, samaki wawili. Lakini ukipanga mambo kwa zamu, mosi na pili hutoka zenyewe: mosi hili, pili lile. Ndiyo maana tuna Mei Mosi, na ndiyo maana tuna Jumamosi.

Nyumba saba, wahesabuji wawili

Sasa hesabu. Fikiria uchochoro wa Mji Mkongwe wenye milango saba iliyobanana, na mlango wa mwanzo ni wa duka. Mtoto mmoja anaambiwa aihesabu, anaanza na duka lenyewe: moja. Mwengine anaona duka si nyumba, analiruka, anaanza na mlango unaofuata: moja. Hakuna aliyekosea. Lakini tano ya yule na tano ya huyu ni milango miwili tofauti, jirani, ukuta kwa ukuta.

Duka hapo ni Jumamosi. Mswahili kaanza nayo: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Mwarabu kaiacha kando kwa jina lake la Sabt, siku ya mapumziko, neno la ukoo mmoja na Sabato ya Wayahudi, akaanza na Jumapili, anayoiita Ahad, yaani moja. Jumatatu yake ni Ithnayn, mbili; Jumanne ni Thulathaa, tatu; Jumatano ni Arbiaa, nne; na anapofika tano anakuwa kwenye Alhamisi. Tano ya Mswahili imeangukia siku moja kabla ya tano ya Mwarabu. Kisha Mswahili, baada ya kuhesabu siku tano kwa namba zake mwenyewe, akaacha kuhesabu, akaichukua Alhamisi nzima nzima kutoka kwa Mwarabu, na namba yake ikiwa tumboni. Hapo ndipo tano zikawa mbili.

Angalia vilevile kwamba hata Mwarabu hana siku inayoitwa ya sita. Kwake nafasi ya sita inakaliwa na Jumaa. Kwetu sisi nafasi ya sita inakaliwa na Alhamisi, na Ijumaa inakaa ya saba. Kwa hiyo sita ipo, mpwa wangu, isipokuwa imevaa kanzu ya tano.

Hili linatuwezesha kumjibu binamu wa Wete. Lau siku zetu zingetoka Uarabuni kwa mkupuo mmoja, tungezisema kama majirani zetu waliozichukua zote. Msomali ana Axad, Isniin, Talaado, Arbaco, Khamiis, Jimce na Sabti. Mhausa wa Afrika Magharibi ana Lahadi, Litinin, Talata, Laraba, Alhamis, Jumma’a na Asabar. Hata Mmalagasi, ambaye wengi wao si Waislamu, anasema alahady kwa Jumapili, alakamisy kwa Alhamisi na zoma kwa Ijumaa. Wote hao walibeba furushi zima. Sisi tulichukua mawili tu, na Wangazija, ndugu zetu wa visiwa vya Komoro, walifanya kama sisi: Alhamisi yao ni Yahamisi ya Kiarabu, ilhali siku zinazoanzia Jumamosi wanazihesabu kwa namba za kwao.

Barazani alikuwepo bwana mmoja aliyesema hesabu hii ni ya Washirazi, yaani imetoka kwa Waajemi. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Waajemi kweli huunganisha jina la siku na namba: Jumamosi ni shanbe, Jumapili ni yekshanbe, na “yek” ni moja, wanakwenda hivyo hadi panjshanbe, yenye tano, ambayo ni Alhamisi. Na neno la Kiajemi tunalo hapa hapa kisiwani: Nairuzi, siku mpya, ambayo watu wa Makunduchi huisherehekea kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Lakini hesabu yenyewe hailingani. Moja ya Mwajemi iko Jumapili, pamoja na ya Mwarabu. Moja yetu iko Jumamosi. Mtu akikuazima mizani hakuazimi yenye jiwe pungufu. Ufundi wa kuunganisha jina na namba unaweza kubuniwa na mtu yeyote. Pa kuanzia ndipo panapomtambulisha mwenyewe.

Na pa kuanzia petu ni baada ya Ijumaa. Ijumaa ni kigingi, na siku zinafungwa kwenye kigingi hicho: Juma, kisha mosi, kisha pili. Kigingi chenyewe hakikupigwa jana. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107, na mpaka leo unasaliwa.

Kwa nini isiwe Jumasita?

Hili ndilo swali lenyewe, na ndilo lililonikosesha usingizi. Tumefika tano. Kwa nini Mswahili hakuendelea?

Lipo jibu linalovutia sana, na nakiri nililiamini kwa siku mbili. Tazama namba zetu. Moja, mbili, tatu, nne, tano ni za Kibantu. Utazikuta, kwa sura zilizobadilika kidogo, kutoka Mrima hadi kusini kabisa mwa bara. Ukifika sita unaingia Uarabuni: sita, saba, na baadaye tisa. Kiswahili kilikuwa na zake: tandatu kwa sita, kenda kwa tisa, na kwa saba kilikuwa na fungate, ambayo sasa imebaki kwa maharusi tu, zile siku saba za kukaa ndani baada ya ndoa. Basi, husema wenye jibu hili, siku za Juma ziliishia tano kwa sababu namba za asili ziliishia tano.

Jibu zuri, lakini linavunjika ukiligonga na kalenda ya miezi.

Miezi yetu ya Kiislamu ina majina mawili mawili. Yapo ya Kiarabu, na yapo ya kwetu, yanayohesabiwa kuanzia pale Ramadhani inapokwisha. Mwezi wa sikukuu ya Idd el Fitr ni Mfunguo Mosi. Unaofuata ni Mfunguo Pili. Mahujaji husimama Arafa katika Mfunguo Tatu. Mwaka mpya wa Hijria huingia na Mfunguo Nne. Na Maulidi, tarehe 12, huwa Mfunguo Sita. Ndiyo sababu mwezi ambao kwa Mwarabu ni wa tatu sisi tunauita wa sita: yeye anahesabu tangu mwaka ulipoanza, sisi tunahesabu tangu tulipofungua. Watu wengi siku hizi wanasema “Mfungo Sita”, na vijana wanauliza unafungwa siku ngapi. Haufungwi. Ni mfunguo, wa kufungua, kinyume cha kufunga.

Sasa endelea kuhesabu: Mfunguo Saba, Mfunguo Nane, Mfunguo Tisa. Kumbe Mswahili hakuogopa sita wala saba. Nadharia ya namba imekufa hapo.

Lakini tazama kinachotokea baada ya tisa. Hakuna Mfunguo Kumi. Hesabu inakatika, na miezi mitatu ya mwisho inakuja na majina yake ya Kiarabu: Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Nilipoliona hili niliweka kikombe chini. Ni mtindo ule ule wa siku. Miezi tisa ina namba na mitatu ina majina; siku tano zina namba na mbili zina majina. Na katika kila kalenda, zenye majina ni zile zinazoelekea kwenye lile jambo kubwa: Rajabu na Shaabani zinaipokea Ramadhani, Alhamisi inaipokea Ijumaa.

Aliyewahi kusafiri kwa boti kutoka Mkoani kuja Unguja atanielewa upesi. Boti ikishang’oa nanga unahesabu ulikotoka: tuna nusu saa tangu Mkoani, tuna saa moja tangu Mkoani. Unafika pahala, mnara wa Nungwi umeonekana, na hakuna tena anayehesabu tangu Mkoani. Sasa watu wanataja majina ya mbele: ile Nungwi, ile Tumbatu, Malindi hiyoo. Safari ni moja, lakini katikati yake macho yamegeuka kutoka nyuma kwenda mbele. Wiki yetu ni boti hiyo. Tangu Jumamosi hadi Jumatano tunahesabu tulikotoka. Alhamisi ni mnara wa Nungwi.

Mie naona hii ndiyo sababu, na sioni nyengine inayofungua milango yote miwili, wa siku na wa miezi, kwa ufunguo mmoja. Wapo wanaosema Alhamisi ilibakia na jina lake la Kiarabu kwa kuwa ni siku ya kufunga suna. Kweli ni suna. Lakini suna hiyo ni ya Jumatatu na Alhamisi pamoja, na Jumatatu imebaki na namba yake. Utukufu wa siku peke yake hautoshi. Alhamisi haikupewa jina kwa sababu ya yaliyomo ndani yake ila kwa sababu ya mahali ilipokaa, mlangoni pa Ijumaa. Ndivyo Shaabani nayo ilivyokaa mlangoni pa Ramadhani, ikajulikana zaidi kwa vunjajungu, ile shamrashamra ya kula kabla ya mfungo.

Usiku wa Ijumaa

Na mlango huo ni karibu zaidi ya unavyodhani, kwa sababu kwa hesabu ya wazee nusu ya Ijumaa imo ndani ya Alhamisi.

Yalinikuta mwenyewe miaka kadhaa nyuma. Nilialikwa hitma Kikwajuni, “usiku wa Ijumaa baada ya isha”. Mie, kwa akili zangu za ofisini, nikapiga pasi kanzu, nikajitia udi, nikaenda Ijumaa baada ya isha. Mlango umefungwa. Mama mwenye nyumba akachungulia dirishani, akanitazama tangu kofia hadi viatu. “Mwanangu, si ilikuwa jana? Pilau halikubaki, lakini pita, chai ipo.” Nikapita, nikanywa chai peke yangu na kanzu yangu iliyonyooka.

Kosa lilikuwa langu. Siku ya kalenda ya ukutani inaanza saa sita za usiku, watu wamelala. Siku ya Kiislamu, na ya Mswahili wa zamani, inaanza jua linapozama. Kwa hiyo usiku hutangulia mchana wake. Magharibi ya Alhamisi ikishaadhiniwa, ule si tena usiku wa Alhamisi. Alhamisi imekwisha na huo ni usiku wa Ijumaa. Ukiona ni hesabu ngeni, kumbuka Ramadhani. Mwezi ukiandama, tarawehe husaliwa usiku ule ule, kabla hajafunga mtu hata mchana mmoja. Hakuna anayeuliza kwa nini. Sote tunajua kwamba Ramadhani imeshaingia tangu magharibi.

Hata saa zetu zimejengwa juu ya msingi huo. Saa moja ya usiku ni saa ya kwanza baada ya jua kutua, na saa moja ya asubuhi ni ya kwanza baada ya jua kutoka. Kwa mgeni huu ni mkanganyiko. Kwa sisi tulio nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, ambako jua halibadilishi sana wakati wake wa kuzama mwaka mzima, ni saa inayosomwa angani bila ya betri.

Kwa hiyo Alhamisi ya visiwani ina sura mbili. Mchana wake ni wa kazi kama siku nyengine. Kuanzia alasiri hewa inabadilika. Chuoni tulikosoma Kurani sisi, Alhamisi ndiyo siku tuliyoachiwa mapema, na hatukuonekana tena hadi Ijumaa ipite. Nyumbani kanzu zinafuliwa, anayetaka hina anatia, na baada ya magharibi unapopita vichochoroni unasikia Yasini ikisomwa nyumba hii na ile. Kitu kinachofanyika jioni hiyo kinafanyika kwa ajili ya Ijumaa. Wagiriki wana neno zuri kwa jambo la namna hii: Ijumaa kwao inaitwa Paraskevi, maandalizi, kwa kuwa ilikuwa siku ya kujiandaa kwa Sabato. Alhamisi ni Paraskevi yetu, ila tumeiacha na jina linalosema “ya tano”.

Jambo jengine linaloonyesha kwamba siku hizi mbili zimetengwa na zile tano ni majina ya watu. Pita mtaa wowote wa Ng’ambo au Chake Chake uite “Khamis!” na kisha “Juma!”, utaitikiwa kutoka pande zote. Wanawake wana Mwanakhamis na Mwanajuma. Jaribu kuita “Jumatano!” uone. Jumanne lipo, lakini hilo ni jina unalolisikia zaidi bara. Aliyezaliwa siku yenye namba huku kwetu alitafutiwa jina pengine.

Kuhusu nyota nitasema kidogo tu, kwa sababu suala hili nalo lilizuka barazani. Siku za Kiingereza zina miungu na sayari ndani yake. Alhamisi yao ni ya Thor, mungu wa radi, na ya Wafaransa, jeudi, ni ya sayari ya Jupiter. Katika falaki, elimu ambayo Pemba haikosi wajuzi wake, Alhamisi nayo hupewa Mushtari, ambayo ndiyo Jupiter hiyo hiyo, na Ijumaa hupewa Zuhura. Lakini haya yamo vitabuni mwa falaki. Hayakuingia katika majina ya Kiswahili hata kidogo.

Na yule mtoto wa Jumatatu? Mwambieni kwamba hakuna siku iliyozaliwa na namba. Kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, kinachofuatwa na kompyuta nyingi, kinaipa Jumatatu moja. Waganda nao wanaanzia hapo: Jumanne kwao ni Lwakubiri, ya pili, na Ijumaa ni Lwakutaano, ya tano. Jumatatu yenyewe wanaiita Bbalaza, ambalo si neno jengine ila baraza letu, lililosafiri hadi ziwani likageuka siku. Wareno wanaanza na Jumapili kama Waarabu, hivyo Jumatatu ni segunda, ya pili, na Alhamisi ni quinta, ya tano. Ukijumlisha yote, siku ya tano ni Jumatano ukiwa Unguja, ni Alhamisi ukiwa Muscat au Lisbon, na ni Ijumaa ukiwa Kampala. Waliovuruga hawapo. Kila mmoja kaanza na mlango wake.

Wakoloni, basi, tuwaachie yaliyo yao. Walichotuletea ni wiki inayoanzia ofisini, na hiyo ndiyo iliyotufanya tuione “tatu” ya Jumatatu kuwa ya ajabu.

Yote haya niliyaandika, kwa ufupi wake, katika kundi la familia. Nikaongeza na la manufaa: mzee akisema “usiku wa Ijumaa”, mshike Alhamisi magharibi, kijana akisema “Ijumaa usiku”, huenda anakusudia siku ya pili yake, na ukitaka usikosee, sema kama wanavyosema redioni, “usiku wa kuamkia Ijumaa”, hapo hakuna wa kupotea. Mpwa wangu alijibu kwa vidole gumba vitatu. Binamu wa Wete alikaa kimya, jambo ambalo kwake ni kukubali. Ami alichelewa. Tuliona anaandika, anaacha, anaandika tena. Mwishowe ujumbe ukaingia:

“SASA ILE HITMA YA BIBI MLIYOSEMA USIKU WA JUMAPILI NI LINI?”